Maji ya Ng'ombe wa Nkwabi

Mchanga wa mtoni ukichimbwa wakati wa kiangazi hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Juu ni mkavu na wa moto, haunuki chochote zaidi ya vumbi na kinyesi cha ng'ombe, lakini ukifikia kina cha mkono unageuka rangi na kuwa baridi, na hapo inapanda harufu ya kutu, ya majani yaliyooza, na shombo kidogo, kana kwamba samaki alipita hapo akaacha salamu. Niliijua harufu hiyo nikiwa darasa la tatu, katika kijiji kilicho mwendo mfupi nje ya mji wa Bariadi, mwaka ambao baba alituhamisha kutoka Kongo. Mpaka leo nikipita mahali mafundi wanachimba msingi kwenye udongo wenye unyevu, namwona mama amesimama kwenye tope, kitenge amekikunja magotini, na ng'ombe wengi wakimtazama.

Baba yangu, Masanja, alikuwa dereva wa malori. Alipeleka mizigo Lubumbashi kwa miaka kadhaa, na katika soko moja la huko akakutana na mwanamke aliyeuza samaki wa kukaushwa kwa moshi, akawa mteja wake wa kudumu ingawa mwenyewe hakuwa mpenzi wa samaki hata kidogo. Mwanamke huyo alikuwa Feza, mama yangu. Tulizaliwa huko, mimi na mdogo wangu wa kiume, na baba akanipa jina la kwao, Kabula, jina wanalopewa mabinti waliozaliwa mvua ikinyesha. Babu alipofariki, baba, akiwa mtoto wa kwanza, aliitwa nyumbani kushika mji. Kabla hatujaondoka mama alimwuliza jambo moja tu. Hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi wala mama mkwe ana tabia gani. Aliuliza kama kuna mto. Baba akamwambia mto upo, tena uko karibu na nyumba, na hapo baba hakusema uongo.

Tulifika masika yakiwa yanaishia, mto ukiwa bado una maji mengi ya rangi ya chai ya maziwa. Mama alisimama ukingoni muda mrefu, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema, akatabasamu. Kwao, kando ya mto mmoja unaoingia Lualaba, wanawake hawavui wakati mto umejaa. Nyavu na mitumbwi ni mambo ya wanaume. Wanawake husubiri maji yapungue, mto uache vidimbwi pembeni, kisha hukata kidimbwi kwa ukuta wa tope na kuyatoa maji yote kwa beseni, huku wakiimba na kusengenyana, hadi samaki wabaki wanarukaruka chini. Kwa hiyo mama alitulia, akawa anangoja maji yapungue. Akaandaa beseni lake la bati lenye maua mekundu, lakini furushi la vitenge alilotoka nalo kwao, lenye tenga lake la kuvulia ndani, hakulifungua. Alilisukuma chini ya kitanda, likakaa hapo na fundo lake.

Maji yakapungua kweli. Yakapungua, yakapungua, yakaisha. Siku moja tulikwenda na ndoo zetu, tukakuta mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu anapita katikati ya mto akiendesha baiskeli. Mama alitua ndoo akaangalia juu ya mto na chini ya mto, kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. "Kabula," akaniuliza, "mutoni imeenda fasi gani?" Kwa Kiswahili cha kwao, mahali huitwa fasi. Bibi Holo, mama yake baba, aliyekuwa nyuma yetu, alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akachuchumaa, akaanza kufukua mchanga kwa kibuyu. Maji yalikuwa humo chini, masafi na baridi kuliko ya masika. Bibi alidhani amemfariji mkwewe, kumbe amemmaliza, maana mto wa kufukuliwa mama hakuwahi kuusikia, na kwenye kishimo cha kibuyu samaki haingii.

Kuanzia siku hiyo mama alibadilika. Hakulia wala kugombana na mtu, ila alipunguza maneno. Chakula cha pale kilikuwa ugali wa mtama, mlenda, maziwa mgando na nyama, na wakati mwingine michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, tukipikiwa na karanga. Mimi nilinenepa. Mama alikonda. Baba alikuwa akisomba pamba kwenda Malampaka na Mwanza, na kila alipopitia Lamadi alileta sato mkubwa akimning'iniza mbele ya lori kama bendera. Mama alimpika vizuri, akashukuru, akala kidogo. Jioni moja, tukiwa uani, nilimsikia akimwambia baba bila kupandisha sauti, "Hii samaki nimepewa, sijavua. Miye nilizaliwa na mukono mu maji. Mvua ya kwanza ikifika na miye sijavua, narudi kwetu na batoto." Baba aliendelea kumenya karanga. Alipomaliza zile za mkononi alisema, "Mama Kabula, mto siwezi kuuumba." Mama akasema hajamwomba auumbe.

Mimi sikutaka kurudi. Nilikuwa nimeshapata marafiki, nimeshajifunza Kisukuma cha kuchezea na cha kutukania, na shuleni walikuwa wameacha kucheka Kiswahili changu. Zaidi ya hapo nilimpenda baba yangu, na nilielewa kwamba "batoto" ni mimi na mdogo wangu, na kwamba baba hakutajwa. Basi nikajipa kazi ya kutafuta samaki. Kila nilipopiga magoti chini ya kitanda kufagia niliangalia lile fundo, nikaona halijafunguliwa, nikazidisha juhudi. Niliwauliza wenzangu shuleni. Walinipeleka kwenye lambo, lile bwawa la kuchimba kwa ajili ya mifugo, ambako wavulana waliotoroka zamu ya machunga walivua vikambare vidogo kwa ndoana za waya. Nikampeleka mama. Alilizunguka lambo lote, akaniambia kwa upole kwamba hilo ni bakuli la jitu, wanawake wa kijiji kizima hawawezi kulikausha. Nikampeleka kwenye madimbwi ya matofali, kwenye kijito cha nyuma ya kanisa, hata kwenye shimo la mawe lililochimbwa na watengeneza barabara. Tuliambulia vyura.

Mgeni ni kuku mweupe, na sisi tulionekana kutoka mbali tukitembea na beseni letu. Watu walitusalimia, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, naye akaitikia kwa shida, nao wakageuka kuulizana mke wa Masanja anaokota nini huko porini. Hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Na sisi hatukumwuliza mtu, kwa sababu kwa mama kuuliza mahali pa kuvua ilikuwa sawa na kuomba kutiliwa chakula mdomoni.

Nilikipata kidimbwi mwenyewe, kiangazi kikiwa kimekaza. Kilikuwa kwenye kona ya mto, chini ya ukingo mrefu, mahali ambapo mwamba uliyazuia maji yasizame. Ukubwa wake ulikuwa kama wa chumba, kina cha magoti, na kimezungushiwa matawi ya miiba pande zote isipokuwa upande wa mwamba. Nililala kifudifudi juu ya mwamba nikatazama. Maji yakatikisika, ikatoka midomo miwili yenye ndevu, ikavuta hewa, ikarudi chini. Kambare, tena si vile vya wavulana. Nilikimbia hadi nyumbani bila kusimama, ndala moja nikaiacha njiani.

Mama alipofika aliitazama ile miiba kabla ya kutazama maji. Kwao, uzio ndani ya mto ni wa samaki. Mtu hufunga uzio, huacha mlango, hutega migono mlangoni, na juu ya mti mmoja hufunga kishungi cha majani mabichi ili kusema, hapa pana mwenyewe. Uzio usio na mgono wala kishungi umeachwa, na aliyeukuta anaruhusiwa. Ndiyo sheria waliyokulia, na mama hakuwa mwizi. Aliuzunguka uzio ule taratibu, akiangalia kila tawi. Hakuona mgono. Hakuona kishungi. "Mwenyewe ameisha kuenda," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikasikia anaimba.

Tulifanya kazi tangu jua la asubuhi hadi mchana, wanaume wakiwa malishoni na wanawake majumbani. Tulivuta miiba pembeni, tukajenga ukuta wa tope katikati ya kidimbwi, mama akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga. Kwao maji hayo yangerudi mtoni na kuendelea na safari. Hapa yalianguka mchangani yakatoweka hapo hapo, na mama akafurahi kwamba mchanga wa Bariadi unamsaidia kazi. Tulikausha upande mmoja, tukatoboa ukuta, tukakausha wa pili. Kambare walijaa beseni wakamwagika, weusi na wenye kuteleza, wakubwa kama mkono wa mtu mzima. Mama alinipaka tope puani, akacheka. Nilikuwa nimeshinda. Niliuona kabisa moyoni ule mkono wake ukifungua furushi.

Ndipo tukasikia kengele. Ng'ombe walishuka ukingoni kwa haraka, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu akinusa maji hasubiri mtu, wakafika kwenye kona yao, wakasimama. Wa mbele waliinamisha vichwa kwenye tope wakapuliza pua. Wa nyuma wakasukuma. Nyuma yao kabisa alikuwa Mzee Nkwabi, jirani yetu wa ng'ambo, mtu mrefu asiyependa maneno, na yule mzee asiyependa maneno akaweka mikono mdomoni akapiga mwano. Mwano ni yowe la hatari, mara nyingi ni la wezi wa ng'ombe, na halipuuzwi. Watu walikuja kutoka kila upande na fimbo, mishale na majembe, wakatukuta sisi wawili na samaki.

Sasa ikaonekana kwamba ile miiba haikuwa ya samaki. Kila mwenye mifugo pale alikuwa na maji yake ya kiangazi, na aliyazungushia miiba ili punda na mbuzi wa watu wasiyachafue. Kila mtoto wa pale alilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kutueleza. Nkwabi alisema kwa Kisukuma, nami nikamtafsiria mama, "Anasema umekula maji ya ng'ombe wake." Mama akanieleza habari ya uzio, mgono na kishungi, neno kwa neno, nami nikaitafsiri kwa Kisukuma changu cha kuchezea. Watu walitazamana. Nkwabi akauliza swali lililoonekana kwake ndilo la msingi: "Sasa kwao ng'ombe wanakunywa wapi?"

"Kwetu hakuna ng'ombe," mama akajibu.

Nilipotafsiri, fimbo zikashuka. Mwanamke mmoja akasema, "Hata mmoja?" Nikasema hata mmoja. Wakaanza kuguna, yule mwanamke akamwambia mama "Pole, mayu," kwa huruma ya kweli, kama mtu anayempa mfiwa pole. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, kama huko hakuna ng'ombe, Masanja alimwoa kwa mahari gani. Wengine wakacheka. Lakini Nkwabi hakucheka. Aliwaonyesha ng'ombe wake kwa fimbo, akasema, "Hawa hawanywi maelezo."

Hapo ndipo Bibi Holo alipofika, anahema, kanga imemteleza. Nilijua ataanza na mkwewe, na kweli alianza naye, akamsema kwa Kisukuma kirefu ambacho sikukitafsiri. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda pale mama alipokuwa akimwaga maji, akapapasa mchanga kwa wayo wa mguu, akasogea, akapapasa tena, akakaa chini na kuanza kufukua kwa mikono. "Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "mwambie mama yako mchanga hauli maji. Unayaweka." Mama hakusubiri tafsiri. Alimwaga samaki wote juu ya mwamba, akachukua beseni, akapiga magoti mkabala na mama mkwe, wakachimba.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Waliosema hivyo hawakuwa watu wa mito ya mchanga. Wanawake walioitwa na mwano waliweka chini walichoshika, wakaingia shimoni mmoja mmoja, wengine wakichimba, wengine wakiinua mchanga, na mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia ambao mama hakuujua maneno lakini mapigo aliyajua mara moja, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea kuchota kwa kuimba. Harufu ile ya kutu na majani ikapanda. Maji yakaja haba na haba, yakatulia kifuani mwa mchanga. Mama akachota kwa beseni lile lile lenye maua mekundu, akampa Bibi, Bibi akanipa mimi, nami nikamimina kwenye hori la udongo lililokuwa ukingoni. Ng'ombe walikunywa kwa zamu, na Nkwabi akiwaita kwa majina, hadi jua likazama na wa mwisho, ndama mweupe, akakataa kuendelea kwa sababu ameshiba.

Mama akaenda kwenye mwamba, akachagua kambare mkubwa kuliko wote, akampelekea Nkwabi kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwao kwa mwenye uzio. Yule mzee aliyeweza kumkamata dume la ng'ombe kwa pembe hakujua samaki anashikwa wapi. Akamshika mkia, samaki akateleza, akamshika tumbo, akateleza, mwishowe akamfumbata kifuani kama mtoto. "Wabeja," akasema, yaani ahsante, na wote tukacheka, hata yeye.

Asubuhi nilipiga magoti kufagia chini ya kitanda, nikakuta hakuna kitu. Furushi lilikuwa limefunguliwa, vitenge viko kwenye kamba, na tenga limetundikwa juu ya meko ya Bibi Holo, samaki wakipata moshi. Baba aliporudi kutoka Mwanza alisimama uani akaviangalia vile vitenge vikipepea. Aliingia ndani, nikamsikia akipiga chafya kwa moshi, na chafya ile iliendelea muda mrefu kuliko kawaida ya chafya.

Hatukuhitaji tena kutafuta. Mwaka uliofuata Nkwabi alipohamishia mifugo kwenye kisima kingine alituma ujumbe, "Mwambieni Mkongo maji yaliyobaki ni yake." Wengine wakaiga, hata kutoka vijiji ambavyo hatukuvijua, na mama akaenda na wanawake wa pale, akawafundisha ukuta wa tope, nao wakamfundisha kusengenya kwa Kisukuma. Nimekuja kuona kwamba kule kuzunguka kwetu na beseni miezi yote ile kulikuwa kazi bure. Kuuliza si ujinga, lakini kwa mgeni kuuliza ni kazi nzito, na sisi tuliona wepesi kutembea juani.

Siku hizi kona ile haipo. Malori ya mchanga yameichimba hadi mwamba ukaangukia upande. Samaki wa Lamadi wanafika Bariadi kwa bodaboda, ndani ya maboksi ya barafu, na watoto wa kaka zangu wa ukoo wanaijua miiba kama kitu cha kutoboa matairi. Naishi mjini, mbali kidogo, mimi niliyeogopa sana kuondolewa pale nimeondoka mwenyewe kwa miguu yangu, na mama aliyetaka kuondoka ndiye aliyebaki. Baba na Bibi Holo wamelala nyuma ya nyumba. Wajomba walituma habari kutoka Kongo kwamba sasa ni mjane, arudi tu, mto bado upo. Nilimwuliza atawajibu nini. Akasema atanijulisha.

Kiangazi kilichopita nilikuwa nyumbani siku bomba lilipofika uani kwetu. Fundi alifungua koki, ikakohoa hewa, ikatoa maji meupe ya povu, halafu yakatakata. Mama alileta beseni lake, ambalo maua yake sasa ni ya kukisia tu, akalijaza, akaliweka kichwani. Nikamwambia, mama, hilo bomba liko hapa hapa, unayapeleka wapi? Nilimfuata akivuka mto mkavu polepole, hadi kwa Nkwabi. Mzee alikuwa amekaa mlangoni pa zizi, macho yamefunga ukungu, na ng'ombe waliobaki ni wa kuhesabu kwa mkono. Mama alimimina maji yote horini. Mzee akasikiliza sauti ile hadi ikaisha, akajua ni nani.

"Umechelewa, mayu," akasema. "Ng'ombe wameshakunywa."

Mama akakung'uta beseni, akaketi kando yake.

"Basi batakunywa kesho," akasema. "Miye siende fasi yoyote."